Moshi wa Saa Kumi

Sajini alipostaafu kazi ya zimamoto, mkewe alidhani atalala. Wastaafu wote aliowajua walianza kwa kulala, wakaamka baadaye kidogo wakiwa na vitambi na maoni juu ya kila kitu. Sajini hakulala. Alikuwa kiguu na njia. Ataamka gizani, afagie ua ambao haujachafuka, akague mtungi wa gesi, atoke hadi getini, atazame barabara upande huu na upande ule, arudi ndani, asimame katikati ya sebule akiwa ameshika kiuno. Kabla mkewe hajapenyeza uzi kwenye sindano, ameshatoka tena.

Mkewe alikuwa fundi mapazia, na mtaa mzima ulimwita Mama Pazia. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, meza ya kukatia vitambaa ikiwa pembeni, na kwa miaka mingi sebule hiyo mchana ilikuwa mali yake peke yake. Mume alikuwa kazini, au amerudi zamu na amelala chumbani mlango umefungwa. Sasa alikuwa na mtu anayempangia nyuzi kwa rangi bila kuombwa. Aliyemwekea ndoo ya mchanga wa kuzimia moto kando ya jiko, na mke akajikwaa nayo mara mbili. Aliyeinama chini ya cherehani wakati yeye anashona na kuuliza, "Huu waya umeukagua lini?"

"Baba Kinda," mkewe alimwita kwa jina la binti yao, "huo waya umekaa hapo kabla hujapata mvi."

"Ndiyo maana nauliza."

Siku moja, saa kumi ya alasiri, Sajini alikuwa getini kama kawaida yake. Akarudi ndani, akafika mlangoni na kusimama ghafla. Pua ikamtanuka. Alipita mbio hadi kwenye swichi kuu, akazima umeme wa nyumba nzima, akaanza kupapasa kuta kwa kiganja kutafuta joto. Cherehani ilizimika katikati ya pindo.

"Toka nje," alimwambia mkewe kwa sauti ya kazini, ile ya chini isiyobishiwa. "Kuna mbao zinaungua ndani ya ukuta."

Mama Pazia hakunyanyuka. Alikuwa ameshika kikombe.

"Ni chai," alisema.

"Chai gani inayonuka hivi?"

"Hii." Akamnyooshea kikombe.

Sajini alikiinamia, akanusa, akainua macho kumtazama mkewe, akanusa tena. Ilikuwa chai ya rangi, nyekundu iliyokolea, haina maziwa wala tangawizi. Na ni kweli, moshi ulikuwa humo. Haukuwa mwingi. Ulikuwa moshi wa mbali, wa kuni zilizozimika asubuhi na mtu akaja kukaa hapo mchana.

"Inanuka kama koti langu," alisema.

"Inafanana."

"Na unainywa?"

"Kila siku saa kumi. Tangu Kinda yuko shule ya msingi."

Umeme ulirudishwa, pindo likaendelea, lakini Sajini alishinda siku hiyo amenuna. Hakukasirikia chai. Kilichomkera ni kwamba ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya pua yake inayojulikana kikosi kizima, kulikuwa na jambo la kila siku lililokuwa likifanyika na yeye hana habari.

Mama Pazia hakuwa amelificha. Hakuwahi kuulizwa. Majani hayo aliyanunua kwa mama mmoja muuza chai sokoni, ambaye alikuwa na mitungi ya aina aina na mkono mwepesi wa kuchanganya. Sehemu kubwa ilikuwa majani meusi ya kawaida. Juu yake muuzaji alinyunyiza majani machache yaliyokaushwa juu ya moshi wa mbao za msonobari, machache tu, kwa sababu yakizidi unajikuta unakunywa majivu. Nyumbani Mama Pazia aliyamwagia maji yaliyotoka kuchemka, akafunika birika kwa kipande cha kitambaa kizito cha pazia, akasubiri. Alikunywa bila sukari. Moshi haukuja kwanza. Kwanza ulikuja ukali wa chai, ule unaoshika pande za ulimi, kisha utamu mdogo, na ukishameza tu, ukiwa umeanza kufikiria mambo mengine, ndipo moshi unapanda taratibu nyuma ya pua. Hapo alifumba macho. Ilikuwa starehe yake pekee ya mchana na hakuionea haya.

Alichokuwa hajamwambia mtu ni kwamba siku ya kwanza aliinunua kwa hofu. Sajini alikuwa amechelewa kurudi kutoka kwenye moto fulani wa kiwanda, na yeye alikuwa anazungukazunguka sokoni asijue anatafuta nini, akasikia harufu ya mumewe kwenye mtungi wa mtu.

Basi maisha yaliendelea hivyo, Sajini akitafuta cha kuzima. Alipoona nyumbani kumekwisha kukaguliwa, alihamia kwa majirani. Fundi simu wa kibanda cha jirani, kijana mwenye pikipiki na maneno mengi, alikuja kulalamika dirishani.

"Mama Pazia, naomba uongee na mzee. Leo ameniingilia kibandani akanichomolea kila kitu. Nilikuwa nina simu ya mteja katikati ya kazi."

"Alikwambia nini?"

"Ameniambia kibanda changu ni kiberiti chenye mlango."

Mama Pazia alikaza midomo asicheke. "Nitamwambia. Lakini na wewe punguza hizo nyaya."

Jambo lililokuwa likimsumbua Sajini zaidi, na mkewe alilijua ingawa halikutajwa, lilikuwa Kinda. Kinda ni binti yao wa pekee. Alizaliwa mdogo kama kinda la njiwa, jina likamganda, na sasa alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana anayebeba ngazi ya zimamoto begani peke yake. Aliingia kikosini wakati baba yake bado yumo. Miaka ile Sajini hakuwa na wasiwasi naye hata kidogo, au hivyo ndivyo alivyosema, kwa kuwa alijua kila gari lilipo, nani kashika mpira wa maji, nani kaingia ndani na nani kabaki nje. Alipostaafu, yote hayo yalifungwa kama bomba. Gari likipita barabarani linalia, yeye anajua tu kwamba limepita.

Akaanza kupiga simu kituoni. Mara ya kwanza walifurahi kumsikia. Zilipofuatana simu nyingine, sauti ya mpokezi ikawa ya adabu mno. Mwishowe Kinda mwenyewe alikuja nyumbani siku yake ya mapumziko, akamkalisha baba yake.

"Baba, usipige tena kituoni. Wananiita mtoto wa chekechea."

"Nauliza hali tu."

"Niulize mimi."

"Wewe hupokei."

"Sipokei kwa sababu nina kazi, baba. Wewe ulikuwa unapokea?"

Sajini alitazama sakafu. Mama Pazia aligeukia cherehani yake, akaikanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Alasiri ninayotaka kuisimulia ilianza vizuri. Mama Pazia alikuwa na kazi ya haraka, mapazia ya ukumbi, kitambaa cheupe kilichojaa ndege wa buluu. Maji yalikuwa jikoni. Sajini alikuwa anakaza skrubu za kiti ambazo zilikuwa zimekazwa jana yake. King'ora kikapita, kikafuatiwa na kingine, na kabla hakijapotea, cha tatu. Sajini aliacha bisibisi, akatoka nje. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Moshi mweusi. Mzito, unakwenda juu halafu unalala. Upande wa maghala." Akameza mate. "Ni magodoro, Mama Kinda. Sponji. Ule moshi ukiuvuta ndani huna muda wa kujuta."

"Kinda ana barakoa. Ana mtungi wa hewa."

"Mtungi una mwisho wake."

Alipiga simu ya Kinda. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Akaenda dirishani, akaenda mlangoni, akafungua bomba la jikoni na kulifunga bila kunawa. Aliingia chumbani, akatoka amevaa viatu vyake vya zamani vya kazi.

"Kaa," mkewe alisema.

"Siwezi."

"Najua huwezi. Kaa hivyo hivyo."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Goti lake moja lilikuwa linapiga kama sindano ya cherehani. Mama Pazia alifunika birika, akarudi kwenye kitambaa chake, akaingiza pini, akaanza kushona malinda. Sajini alimtazama ile mikono isiyotetemeka, na badala ya kumtuliza, ikamtia hasira.

"Wewe ulikuwa unawezaje?" aliuliza. "Mimi nikiwa huko. Ulikuwa unawezaje kukaa hapa?"

"Nilikuwa nashona."

"Hivyo tu?"

"Sasa ulitaka nipande paa?"

Sajini akainuka. Mkewe alisikia geti, akasikia sauti yake kule kibandani, fundi simu akibisha kidogo, kisha pikipiki ikanguruma na kupotea. Aliacha kushona. Akabaki anaangalia kiti kilicho wazi. Miaka yote alikuwa na mtu mmoja wa kumsubiri, akamzoea. Leo alikuwa na wawili. Akamimina chai, akaipuliza, akaiweka chini bila kuionja, akashika kitambaa tena.

Fundi simu alimfikisha Sajini hadi pale barabara ilipofungwa kwa utepe. Watu walikuwa wamejaa, wengine wameinua simu zao kupiga picha. Ghala lilikuwa linatoa moshi kwenye kila tundu, na paa la mabati lilikuwa linalia, ule mlio wa bati linalotaka kujikunja. Askari kijana aliyelinda utepe alimtambua, akampigia saluti.

"Afande, samahani. Hairuhusiwi."

"Nani yuko ndani?"

"Afande, siwezi."

"Hilo ghala lina mlango wa nyuma, upande wa mtaro. Wameufungua?"

Kijana alisita, akageuka kumtafuta mkubwa wake. Sajini akainama, akapita chini ya utepe. Miguu ilimpeleka yenyewe, ile ile njia ya miaka mingi, kichwa chini, bega mbele. Alipita gari la kwanza. Aliruka mpira wa maji bila kuutazama. Joto likamgonga usoni, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba amevaa shati la mikono mifupi.

Mtu alitoka kwenye moshi, kofia ngumu imejaa masizi, akaivuta barakoa chini. Alikuwa Kinda. Alimwona baba yake na kwa kitambo kidogo akabaki amesimama. Hakupiga kelele. Alimsogelea, akamshika kiwiko jinsi mtu anavyomshika mgonjwa anayevuka barabara, akamgeuza, akamrudisha hadi kwenye utepe. Njiani Sajini alikuwa anasema mambo ya mlango wa nyuma.

"Tumeufungua, baba. Muda mrefu." Alikuwa anahema. "Sikiliza. Nikikuona hapa, nakuangalia wewe. Nikikuangalia wewe, siangalii dari. Umenielewa?"

Sajini aligeuza shingo kulitazama ghala.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Binti akapandisha barakoa, akarudi alikotoka. Sajini alimtazama mpaka moshi ukamfunika. Alikuwa amewaambia wananchi maneno ya namna hiyo mara nyingi, baba za watu, mama za watu, akawarudisha nyuma ya utepe na kuwasahau hapo hapo. Hakuwahi kujiuliza walikwenda wapi baada ya pale.

Fundi simu, aliyekuwa bado anasubiri, alimwambia, "Mzee, panda nikurudishe." Sajini akapanda.

Nyumbani alimkuta mkewe ameinama juu ya cherehani. Mkewe aliinua macho, na Sajini akajibu, "Nimemwona. Yuko kwa miguu yake. Amenifukuza."

Mama Pazia akashusha pumzi ndefu. "Vizuri."

Sajini alikuja kusimama nyuma yake. Pazia lililokamilika lilikuwa limening'inia kwenye fimbo ya kukagulia. Akaliangalia, akainamisha kichwa upande, akaliangalia tena.

"Mama Kinda. Hawa ndege mbona miguu juu?"

Mkewe akageuka. Ilikuwa kweli. Malinda yote ya juu alikuwa ameyashona upande wa chini wa kitambaa, kwa ustadi, kwa mishono iliyonyooka kama reli, na kundi zima la ndege wa buluu lilikuwa limening'inia vichwa chini kama popo. Akaanza kucheka, kicheko kidogo kilichomtoka puani, na kabla hakijafika mwisho kikageuka, ikabidi afute macho kwa ncha ya kanga.

"Si ulisema unashona tu," Sajini alisema taratibu.

"Nilishona. Sikusema nilishona vizuri."

Akamwonyesha kwa kidevu mito ya makochi ya sebuleni. "Unafikiri foronya zote hizi nilizitoa wapi? Hakuna inayofanana na mwenzake. Mteja gani anaacha kitambaa kizuri namna hii? Niliharibu, nikalazimika kumnunulia mwenyewe kingine. Hii ya zambarau ni ule moto wa kiwanda cha rangi. Hii ya mistari, siku ulipolala hospitali na wenzako wakaniambia uko kikaoni. Ile ya maua sikumbuki, ila nilikata vipande viwili vya kushoto, hakuna cha kulia."

Sajini aliketi kwenye kochi. Akauchukua mto wa zambarau, akauweka mapajani, akaupapasa mshono wake. Alikuwa ameulalia mto huo kila Jumapili kwa miaka, akitazama mpira.

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungeacha kazi?"

Wote wawili walijua asingeacha.

"Lete wembe," mkewe alisema baadaye. "Kama huwezi kutulia, fumua. Polepole, usinikatie kitambaa."

Wakakaa wakifumua, mke upande huu na mume upande ule, pazia likiwa limetandazwa magotini mwao. Sajini alikuwa na vidole vinene lakini vyenye uangalifu. Simu ilikuwa juu ya meza ya kukatia, na kila baada ya mishono michache aliitupia jicho. Mama Pazia alichemsha maji upya, kwa sababu chai ya kwanza ilikuwa imepoa bila kuguswa, akamimina vikombe viwili. Mume alikunywa kwanza kama anayekunywa dawa. Akanywa tena, safari hii akaacha kinywa wazi kidogo kama walivyozoea kufanya watu wa kazi yake wanapotaka kujua moto uko upande gani.

"Unachelewa kufika," alisema.

"Nini?"

"Moshi wake. Unakuja ukishameza."

"Eeh. Usiukimbilie."

Ilikuwa nzuri. Aliona kuwa ni nzuri, na hilo lilimuudhi kidogo, kwamba kitu kinaweza kuwa kizuri mchana kama ule. Aliomba aongezewe. Wembe ukaendelea, goti likaendelea kupiga chini ya kitambaa, na ndege wa buluu wakatikisika nalo.

Ujumbe wa simu uliingia jua linapotua: *Tumemaliza. Nakuja kula.* Sajini aliusoma kwa sauti, kisha akausoma tena kimya. Mama Pazia aliinuka kwenda jikoni, akasahau alichokifuata, akarudi.

Kinda alifika amekwisha nawa uso lakini shingo bado nyeusi. Hakuna aliyekufa. Ghala lilikuwa limekwisha kabisa, na mwenzao mmoja alikuwa ameungua kiganja. Alisema hayo akiwa bado mlangoni, kwa sababu aliijua nyumba yao na alijua hawataweza kumwacha akae kabla hawajasikia. Sajini alikuwa na maswali yamemjaa kifuani, ya paa, ya maji, ya nani aliingia wa kwanza. Akayameza.

"Baba, usirudie," Kinda alisema.

"Sitarudia."

"Utarudia."

"Nitajitahidi nisirudie," Sajini alisema, na huo ulikuwa ukweli wote aliokuwa nao.

Binti alitazama magoti ya baba yake, lile pazia, wembe mkononi. "Mnafanya nini?"

"Mama yako amegeuza ndege."

Kinda akamtazama mama yake, akatazama foronya za makochi moja baada ya nyingine, na Mama Pazia akaona kwamba huyu hahitaji kuelezwa, kwamba pengine alijua tangu utotoni. Kinda alivua viatu, akakaa sakafuni kati yao, akauvuta upande wa pazia ambao haujaguswa.

"Nipeni na mimi wembe," alisema. "Mkiendelea hivi hamtamaliza leo."

"Nawa mikono kwanza," mama yake akamwambia. "Hicho kitambaa cha watu ni cheupe."